Wimbo wa Kanda Usiwe Mizani ya Wimbo wa Jukwaani

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa majaji katika tamasha la muziki la shule, ngazi ya kaunti. Mchana wa siku ya pili ilipanda jukwaani kwaya ya shule moja ya wasichana kutoka pwani, ikaimba wimbo wa kienyeji wa harusi. Waliimba vizuri mno. Sauti zilikuwa safi, miguu ilikwenda sambamba, na kiongozi wao alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kisha, wimbo ulipokaribia kwisha, likatokea jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Kiitikio kilikuwa kikirudiwa, na kila kiliporudiwa wasichana wale walizidi kupunguza sauti, kidogo kidogo, mpaka wakawa wananong'ona, kisha wakawa wanachezesha midomo tu, kisha kimya. Wimbo haukuwa na mwisho. Ulififia kama kandili iliyoishiwa na mafuta.

Mwenzangu mmoja mezani aliandika kwamba huo ulikuwa ubunifu. Mimi nilishuku jambo jingine, na nilipozungumza na mwalimu wao baada ya matokeo kutangazwa, shaka yangu ikathibitika. Walijifunza wimbo ule kutoka kwa rekodi ya zamani ambayo mwalimu aliipata katika simu yake, na katika rekodi hiyo ndivyo unavyokwisha. Naam, ndivyo unavyokwisha, kwa kuwa fundi mitambo wa studio fulani, miaka mingi kabla ya wasichana wale kuzaliwa, alishusha sauti taratibu pale upande wa santuri ulipokuwa karibu kujaa. Uamuzi wa fundi yule, uliotokana na uhaba wa nafasi, ulikuwa umegeuka kuwa sehemu ya wimbo wa jadi. Walimu waliufundisha, wanafunzi wakaufanyia mazoezi, na jaji mmoja akautuza alama.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu. Huniuliza mbona wanamuziki wetu wakipanda jukwaani hawafikii kiwango cha nyimbo zao tulizozizoea redioni na katika simu. Mmoja wao alirejea kutoka tamasha moja amenuna, akaniambia kwamba mwimbaji ambaye yeye alimlipia kiingilio kwa fedha za chakula chake alikuwa "ametuharibia wimbo". Nikamwuliza ameuharibu vipi. Akajibu kwamba aliubadilisha: aliuanza polepole, akaongeza ubeti, tena akakiacha kile kipande cha gitaa ambacho ukumbi mzima ulikuwa ukikingoja. Hakusema hata mara moja kwamba ulikuwa mbaya. Alichosema ni kwamba haukuwa ule.

Sasa, kijana huyo huyo alikuwa amenikabidhi insha wiki iliyotangulia ambamo alieleza, kwa Kiswahili sanifu na kwa mifano ya kuridhisha, kwamba utungo wa fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira, wakati na mahali, na kwamba bila utendaji utungo huo haujakamilika. Hakuna mwanafunzi wa shule ya upili katika nchi hii asiyeijua sentensi hiyo. Huikariri kama sala kwa sababu mtihani huiuliza. Lakini mwanafunzi akitoka darasani akaingia ukumbini, mwimbaji akabadilika kulingana na hadhira, wakati na mahali, yeye hudai arudishiwe fedha zake.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba tumeishika mizani kinyume. Tumeichukua rekodi, ambayo ni tukio moja tu katika maisha ya wimbo, tukaifanya kuwa ndiyo wimbo wenyewe, kisha tukaanza kuyapima matukio mengine yote kwa hilo moja. Na kosa hili halidhuru wanamuziki peke yao. Linawadhuru pia watoto tunaowafunza kuimba.

Hebu tuitazame rekodi yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, alisafiri pamoja na wapiga ala wake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya kama dakika 3 hivi kwa upande mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kuketi katika usiku wa taarabu anajua kwamba dakika 3 ni muda wa fidla na udi kujuana tu. Mwimbaji huwa hajafungua kinywa. Kwa hiyo nyimbo zilikatwa. Beti zilipunguzwa, marudio yakaachwa, na utangulizi wa ala ukabanwa. Tunachokisikia leo katika santuri hizo ni Siti aliyelazimika kuitazama saa.

Hali haikubadilika sana zilipokuja sahani ndogo za mizunguko 45 ambazo wazazi wetu walizicheza majumbani. Wale waliowahi kuzishika watakumbuka maandishi yaliyokuwa katikati yake: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kwa kawaida mashairi yalikaa upande wa kwanza, na magita yakaachiwa uwanja upande wa pili. Wachezaji katika kumbi za Nairobi na Mombasa hawakuwahi kusimama katikati ya wimbo ili mtu aigeuze bendi upande wa pili. Ukumbini wimbo ulikwenda mpaka wachezaji watosheke, na kiongozi wa bendi aliyeijua kazi yake alitazama miguu ya watu kabla ya kuwapa wenzake ishara ya kumaliza. Hata huko kufifia kwa sauti mwishoni, ambako wasichana wetu walikuiga kwa ustadi mkubwa, kulikuwa njia ya kuukimbia wimbo ambao kwa asili yake haukuwa tayari kukoma.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa mfano wa namna nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za huko zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Vifaa vilikuwa vichache. Bendi nzima iliingia chumbani, waimbaji, magita, tarumbeta na ngoma, wakapiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti, na kilichotoka ndicho kilichohifadhiwa. Mpiga tarumbeta akikosea, aidha wote walirudia tangu mwanzo au kosa liliachwa likaishi. Zisikilize rekodi za Mlimani Park Orchestra za wakati huo, nawe utawasikia watu waliosimama pamoja katika chumba kimoja. Je, hizo ni rekodi za studio au ni maonyesho ya moja kwa moja? Mimi naona ni yote mawili, na hilo peke yake linatosha kutuonya kwamba mpaka tunaouchora kati ya studio na jukwaa si mkongwe kama tudhaniavyo.

Mpaka huo ulikuja kuwa ukuta pale mitambo ilipowezesha kila ala kurekodiwa peke yake, kwa siku yake, kisha sauti zote zikaunganishwa na fundi. Tangu hapo wimbo unaweza kutungwa na watu ambao hawajawahi kuonana. Mwimbaji anaweza kuimba neno moja mara 20, fundi akalichagua la 17. Na tangu mwaka 1997, ilipotoka programu ya Auto-Tune, hata noti iliyopotoka inanyooshwa pasipo mwimbaji kuitwa tena. Sisemi haya kwa dharau. Kuna ufundi halisi ndani yake. Ninachokataa ni kumweka mtu mwenye mapafu mawili na usiku mmoja kando ya kitu kilichochongwa kwa miezi mitatu, kisha tukashangaa kwamba mtu yule anahema.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nimtaje shangazi yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili miaka ya 1990, nilikuwa nikienda kwake Mombasa wakati wa likizo. Alikuwa na kanda za kaseti zilizorekodiwa katika harusi, kama walivyokuwa nazo wanawake wengi wa mtaa wake. Hizo hazikutoka studio. Mtu alikiweka kinasa sauti karibu na waimbaji usiku wa taarabu ya wanawake, na siku chache baadaye kanda zilikuwa zimekwisha nakiliwa na kupita kutoka nyumba hadi nyumba. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo. Watoto walilia ndani yake, vikombe viligongana, na pengine vigelegele vilimfunika mwimbaji kabisa.

Katika mojawapo ya kanda hizo kulikuwa na mahali ambapo, baada ya mshororo mmoja usio na ajabu yoyote, ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko na vigelegele, na mwimbaji akaurudia mshororo huo mara nne. Nilimwuliza shangazi walikuwa wanacheka nini. Akaisimamisha kanda kwa kidole, akaniambia: "Hapo ndipo alipoinuka mke mkubwa." Kisha akanieleza. Mwanamke mmoja alikuwa ameinuka kutoka upande wa kulia, akaja akicheza taratibu, noti mkononi, akamtunza mwimbaji kwenye mshororo ule hasa, na wakati wa kumtunza hakumtazama mwimbaji. Alimtazama mwanamke mwingine aliyeketi upande wa pili. Maneno yalikuwa yamelalamikia ndege aliyejenga tundu katika mti wa mwenyewe. Basi kila mtu ukumbini alimjua ndege, akaujua mti, akamjua na mwenyewe.

Nimesoma mengi kuhusu maana katika taaluma yangu, lakini sidhani kama kuna kitabu kilichonifunza zaidi ya kidole cha shangazi juu ya kile kitufe. Sisi wanaisimu hutofautisha sentensi na usemi. Sentensi ni muundo. Unaweza kuiandika ubaoni ukaichanganua bila kujua ni nani aliyeitamka. Usemi ni sentensi iliyotamkwa na fulani, kwa fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Sentensi "mlango uko wazi" haina utata wowote kisarufi. Lakini ikitamkwa na mwenyeji kwa mgeni aliyekaa sana, ina maana moja. Ikitamkwa na mama kwa mwanawe wakati wa baridi, ina maana nyingine. Semantiki hushughulikia ile ya kwanza, pragmatiki ikaishughulikia ya pili.

Wimbo wa taarabu katika santuri ni sentensi. Wimbo huo huo katika harusi ni usemi. Aliyemtunza mwimbaji usiku ule hakuwa anautoa wimbo makosa wala kuusifu. Alikuwa akiutumia kusema jambo ambalo asingethubutu kulisema kwa kinywa chake mwenyewe, na mwimbaji, kwa kuurudia mshororo mara nne, alikubali kuwa kinywa chake. Hakuna studio duniani inayoweza kurekodi jambo hilo. Hata ile kanda ya harusi, iliyokuwapo pale pale, ilihifadhi kicheko tu bila sababu yake. Sababu ilikuwa imehifadhiwa na shangazi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba onyesho la moja kwa moja ni jaribio la kuirudia rekodi mbele ya watu. Katika taarabu, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za jadi za makabila yetu, mwenye kurudia ni rekodi, nayo hurudia kwa kukata.

Kuna ushahidi mwingine, wa mbali kidogo, ambao walimu wa fasihi simulizi wataukumbuka. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kigiriki cha kale, Milman Parry, pamoja na mwanafunzi wake Albert Lord, walikwenda Yugoslavia ya wakati huo wakiwa na mtambo wa kurekodia katika sahani za aluminiamu, wakawarekodi manju walioghani tendi ndefu. Lord alikuja kuyaeleza matokeo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1960. Manju alipoulizwa kama anaweza kuughani tena utendi ule ule, alijibu kwamba angeughani neno kwa neno. Rekodi zilipolinganishwa, zilitofautiana. Wako waliodhani manju walikuwa wakisema uongo. Hawakuwa waongo. Kwao "ule ule" ulikuwa ni utendi wenye kisa kile kile na mtiririko ule ule. Haikuwapo duniani kwao namna ya kuyaweka matamshi ya jana kando ya ya leo ili kuyahesabu. Mtambo ndio ulioleta hesabu hiyo. Kabla ya rekodi, hakuna msikilizaji aliyeweza kulalamika kwamba wimbo wa leo si ule, kwa sababu ule haukuwa umewekwa mahali popote isipokuwa vichwani mwa watu, na vichwa husamehe.

Sitaki nieleweke kwamba naibeza rekodi. La hasha! Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Kama asingekwenda Bombay, tungekuwa na wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na masimulizi ya wazee, lakini sauti tusingekuwa nayo. Wimbo wake wa "Kijiti", unaosimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa na jinsi kesi ilivyowageukia watu wasiostahili, uliwafikia wasikilizaji ambao kamwe wasingeketi barazani kwake Ng'ambo. Wale wa Ng'ambo waliwajua waliotajwa, sisi hatuwajui. Lakini tumeusikia, na nusu ya shibe si njaa.

Tena haki itendeke: maonyesho mengi ya moja kwa moja nchini mwetu ni mabaya, na ubaya wake hauhusiani na falsafa yoyote. Nimekaa katika viwanja ambamo vipaza sauti viliguruma kama lori linalopanda mlima, nisisikie hata silabi moja. Kwa mtu anayeyapenda maneno, hilo ni dhuluma. Wimbo ambao uzito wake uko katika mashairi, ukiimbwa mahali ambapo mashairi hayasikiki, umeshindwa, na hapo mwanafunzi wangu ana haki kabisa ya kuirudia rekodi yake nyumbani. Bendi zichelewapo kwa saa nne, waimbaji wapandapo jukwaani wamelewa, hayo nayo siyaitoi "mabadiliko ya utendaji". Ni utovu wa heshima.

Na kuna muziki ambao makao yake ni studio, nao tusiulazimishe kusafiri. The Beatles wa Uingereza waliacha kuzuru na kufanya maonyesho baada ya tamasha lao la San Francisco la tarehe 29 Agosti 1966. Mayowe ya mashabiki yalikuwa makubwa kiasi kwamba wenyewe walishindwa kujisikia wakipiga. Mwaka uliofuata wakatoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band", kazi iliyotengenezwa kwa mitambo, isiyokusudiwa kupigwa jukwaani. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, alifanya onyesho lake la mwisho mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 31 tu, akajifungia studioni mpaka alipofariki mwaka 1982. Aliamini kwamba katika muda wa karne moja maonyesho ya muziki mbele ya hadhira yangekuwa yametoweka. Miaka 60 na zaidi imepita, na watu bado wanapanga foleni milangoni, kwa hiyo nadhani katika hilo alikosea. Lakini alikuwa mkweli. Alipoamua kwamba kazi yake ni ya studio, hakupanda tena jukwaani kuiigiza.

Ukweli huo ndio tunaoukosa sasa. Kumezuka mtindo ambao sote tunaujua: mwimbaji anapanda jukwaani, fundi anaucheza wimbo mzima, sauti ya mwimbaji ikiwa imo ndani, naye anarukaruka akiinua kipaza sauti ambacho pengine hata hakijawashwa. Anapochoka hukielekeza kwa hadhira. Watu hushangilia, kwa kuwa wamepata kile walichokitaka, yaani wimbo "ule ule". Wapiga magita na wapiga ngoma wamebaki nyumbani bila ujira. Nami nauliza: onyesho hilo tulipime kwa kipimo gani? Si rekodi, maana rekodi haihitaji kiingilio. Si utendaji, maana hakuna kilichotendwa. Na waimbaji wanapolaumiwa hujitetea kwa kusema kwamba hadhira haitaki chochote kisichofanana na kanda. Katika hilo, kwa bahati mbaya, wana hoja. Sisi ndio tuliowazoesha.

Mazoea hayo yameingia shuleni. Siku hizi shule nyingi hujiandaa kwa tamasha kwa kutafuta video ya kwaya iliyoshinda mwaka uliotangulia na kuiiga hatua kwa hatua. Nimewahi kuona shule tatu kutoka maeneo tofauti zikiinama mahali pale pale katika wimbo mmoja, kwa sababu katika video ya asili kiongozi aliinama, na nina hakika aliinama kuokota leso iliyomdondoka. Nyimbo za jamii ambazo wazee wake bado wako hai, tena wanaishi umbali wa kutembea kutoka lango la shule, zinafundishwa kutoka kwa simu. Tamasha letu la muziki lilianza mwaka 1927, mwaka mmoja kabla ya safari ya Siti kwenda Bombay. Itakuwa kichekesho kichungu iwapo tamasha hilo, ambalo limewakutanisha vijana wetu jukwaani kwa vizazi kadhaa, litageuka kuwa mashindano ya kuzikariri rekodi.

Najua walimu wana shida zao. Muda ni mfupi, mwalimu mkuu anataka kombe, na mzee wa kijijini hafiki saa nane kamili kama ratiba isemavyo. Simu haichelewi wala haiombi nauli. Lakini sisi tunaokaa katika meza za majaji hatuna kisingizio kama hicho. Tunatoa alama kwa "usahihi" bila kujiuliza usahihi huo unapimwa kwa nini. Kiongozi wa wimbo akiongeza ubeti unaoitaja siku ile na ukumbi ule, wengine wetu humpunguzia alama kwa kuwa ametoka nje ya wimbo. Ruth Finnegan alitukumbusha tangu mwaka 1970, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, kwamba utendaji ndio uhai wa tungo hizi. Tumemsoma, tumemfundisha, tumemtungia maswali ya mtihani. Kisha tunamwadhibu msichana wa kidato cha pili kwa kuyatenda hayo hayo. Sasa mtaala wa umilisi umeitengea sanaa mkondo wake katika sekondari ya juu, ni vyema tukaamua mapema kama umilisi tunaoutaka ni wa kutenda au ni wa kunakili. Ningependekeza jambo dogo: kila kwaya iletayo wimbo wa jadi itakiwe kumtaja mtu, si rekodi, iliyejifunza kwake, na kiongozi wa wimbo aruhusiwe, hata ashawishiwe, kuwa na ubeti mmoja ambao haujulikani na mtu yeyote mpaka siku yenyewe.

Kuhusu wale wasichana wa pwani, nilimwuliza mwalimu wao, siku ile ile, wimbo wao hukoma vipi hasa. Hakujua. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, na niliona swali limemkera kwa sababu nzuri. Majuma mawili baadaye alinipigia simu. Nyanya ya mmoja wa wasichana alikuwa amejibu. Wimbo ule huimbwa na wanawake mlangoni pa chumba cha bibi harusi wakati bwana harusi amekuja kuingia, nao huendelea mpaka atoe kifungua mlango cha kuwaridhisha. Akitoa haraka, ni mfupi. Akiwa bahili, wanaongeza beti, na beti zinamtaja yeye, na mama yake, na mfuko wake. Mlango ukifunguliwa, umekwisha. Nyanya alishangaa kuulizwa.

Mwalimu akaniuliza sasa wafanyeje, maana jukwaani hakuna mlango, na dakika za mashindano ni zile zile. Tulilijadili jambo hilo kwa muda mrefu mpaka salio lake likaanza kwisha. Mwishowe alicheka, akasema kwamba mwaka ujao watamwimbia jaji mkuu mpaka alipe.